Mashine ya kahawa ya kapsuli ukiwa Sigi: mambo ya kujua kabla hujatoa hela

Sanduku linashushwa Muheza kutoka kwenye basi. Limetumwa na ndugu aliyeko Ujerumani, au limenunuliwa Kariakoo kwa bei ya kutupwa. Ndani kuna mashine nyeusi isiyozidi ukubwa wa ndoo ndogo, waya wenye plagi ya pini mbili za mviringo, na pakiti moja ya vikopo kumi vya rangi rangi. Ni kahawa kumi tu hizo. Zikishaisha ndo maswali yanaanza.

Kama una nyumba ya kulala wageni njia ya Amani, au ni mtu tu wa kahawa ya asubuhi na umeona mashine hizi mtandaoni ukazitamani, soma kwanza.

Inafanyaje kazi

Kapsuli ni kikopo kidogo cha alumini au plastiki chenye kahawa iliyokwisha kukaangwa na kusagwa, kimezibwa hewa isiingie. Kapsuli ndogo za kawaida zina kama gramu 5 za kahawa, yaani karibu kijiko kimoja cha chakula.

Unaitumbukiza kwenye mashine, unashusha mkono, sindano zinaitoboa. Pampu inasukuma maji ya moto kwa nguvu kubwa kupitia kahawa ile, na ndani ya nusu dakika hivi kinatoka kinywaji cheusi, kizito, chenye povu la kahawia juu. Kikombe kidogo ni mililita 40, kikubwa ni 110.

Mililita 40 zinawashangaza wengi mara ya kwanza. "Hii ndo kahawa yenyewe?" Lakini mtu aliyekaa barazani Tanga mjini hana cha kushangaa, ni kipimo kilekile cha finjani ya muuza kahawa anayepita na dele lake la mkaa. Tofauti ni kwamba ya dele imechemka taratibu, na ina tangawizi.

Mashine hizi zilitokana na kazi ya mhandisi wa Nestlé, Eric Favre, aliyebuni mfumo huo Uswisi miaka ya 1970. Nestlé ilianza kuuuza mwaka 1986 kwa jina la Nespresso. Kwa muda mrefu hataza, yaani haki za ubunifu, zilizuia wengine kutengeneza kapsuli za mashine hizo. Hataza kuu zilipoisha mwaka 2012, kampuni nyingi ziliingia. Hilo ni la muhimu kwako, utaona hapo chini.

Wengine huuliza kama urefu wa milima unaharibu kahawa. Hapana. Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Mashine yenyewe haifiki huko, inatumia maji yaliyo chini kidogo ya kuchemka. Sigi ipo chini zaidi ya Lushoto, kwa hiyo usiwe na wasiwasi kabisa.

Kosa kubwa: kununua mashine kabla ya kujua kapsuli

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Kapsuli haziingiliani. Mashine ya Nespresso ya mfumo wa zamani, unaoitwa Original, inatumia kapsuli ndogo. Nespresso hao hao wana mfumo mwingine, Vertuo, ulioanza mwaka 2014. Kapsuli zake zina umbo la kuba, na mashine inasoma alama za mistari zilizoko ukingoni kabla ya kukubali kufanya kazi. Ukiweka kapsuli ya Original kwenye Vertuo hupati kitu. Dolce Gusto, ya Nestlé pia, ina yake. Lavazza wana yao. Keurig ya Marekani ina vikopo vyake vikubwa vya plastiki.

Kwa hiyo mtu anakuletea mashine ya Vertuo, wewe unaagiza kapsuli za Nespresso kwa sababu jina ni moja, unakuta umetupa hela.

Ushauri wangu uko wazi: kama lazima ununue, nunua mfumo wa Original. Kwa sababu ya ile habari ya hataza kuisha, kapsuli zake zinatengenezwa na kampuni nyingi na bei zinashindana. Halafu kuna kapsuli za chuma cha pua za kujaza mwenyewe, ambazo kwa mtu wa Sigi zinaweza kuwa ndizo zinazoamua kama mashine itatumika au itageuka pambo la kabati. Vertuo nzuri ipo, ila ukishaishiwa kapsuli zake huku milimani, umeishiwa.

Kabla ya kulipa, jiulize swali moja: kapsuli ya mwezi wa tatu itatoka wapi? Duka la karibu lina unga, sukari, sabuni na vocha. Kama jibu ni "shangazi atatuma", basi muulize shangazi kwanza.

Gharama halisi haiko kwenye umeme

Watu wanaogopa LUKU. Tuhesabu. Mashine nyingi zinakula wati 1,200 hadi 1,500. Chukua 1,400, na kikombe kimoja kiwe dakika nzima pamoja na kupasha moto. Hiyo ni uniti 0.023. Uniti moja inatoa zaidi ya vikombe 40. Kwa mteja wa kawaida anayenunua uniti kwa takriban shilingi 360 pamoja na kodi, kikombe kimoja hakifiki shilingi 10 za umeme. Ukinywa vinne kila siku, mwezi mzima ni uniti kama 3. Hata aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, mashine hii peke yake haitamtoa humo. Ila usiiache imewashwa ikijipasha moto bure. Nyingi hujizima zenyewe baada ya dakika kadhaa, hakikisha ya kwako inafanya hivyo.

Sasa geukia kapsuli. Ulaya kapsuli moja ya chapa kubwa inauzwa karibu nusu euro. Ina gramu 5. Kilo moja ya kahawa ni kapsuli 200. Maana yake unanunua kahawa kwa karibu euro 100 kwa kilo, na hapo bado hujalipa usafiri wala ushuru.

Linganisha. Februari 2025 bei ya arabika kwenye soko la dunia ilivunja rekodi kwa kuvuka dola 4 kwa ratili. Wakulima wengi hawajawahi kuona bei kama ile. Dola 4 kwa ratili ni karibu dola 9 kwa kilo ya kahawa ghafi. Ongeza hasara ya uzito wakati wa kukaanga, ongeza kusaga, ongeza alumini, bado kuna pengo kubwa sana kati ya mkulima na kile kikopo. Sisemi mtu anaibiwa, kiwanda na matangazo vina gharama. Nasema ujue unacholipia: unalipia urahisi.

Na huku Usambara habari hiyo ina uchungu wake. Kahawa ilikuwa ndiyo ndoto ya kwanza ya Wajerumani kwenye milima hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walifyeka msitu Derema na Nguelo wakapanda mibuni, na reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilitarajiwa pia kubeba kahawa hiyo. Mibuni ikastawi miaka michache halafu ikachoka. Udongo wa Usambara Mashariki unaonekana mzuri ukiwa na msitu juu yake, lakini ukishafyekwa mvua nyingi zinauosha rutuba haraka. Magonjwa na wadudu wakamalizia. Kilimo cha kahawa kikahamia kwenye udongo wa volkano wa Kilimanjaro, na huku baadaye ikaja chai, ambayo ndiyo unaiona leo ukipanda kuelekea Amani. Nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni pale Sigi, mwisho wa reli ndogo iliyokuja kutoka Tengeni, sasa ni kituo cha habari cha hifadhi.

Kahawa yenyewe haijaisha nchini. Kilimanjaro, Arusha, Songwe, Mbinga na Kigoma wana arabika, Kagera wana robusta, na Lushoto nako mibuni ipo. Kununua kahawa ya Uswisi kwenye kikopo wakati ya Mbinga inauzwa ikiwa imekaangwa ni uamuzi wako, mimi nakupa hesabu tu.

Umeme: soma kibandiko cha chini

Geuza mashine, tafuta kibandiko. Kikisema volti 220-240, uko salama. Kikisema 120, imetoka Marekani au Kanada, usiichomeke hata kwa majaribio. Itaungua hapo hapo. Transfoma ya kushusha umeme ipo, ila iwe ya wati zaidi ya 1,500, nzito na ya bei. Bora uiuze kwa anayesafiri.

Halafu kuna suala la plagi. Mashine ya Ulaya ina pini mbili za mviringo. Wote tunajua mchezo wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili pini mbili ziingie. Kwa chaja ya simu watu wamezoea. Kwa mashine ya kahawa, usifanye. Mashine hii ina maji, ina chuma ndani, na inavuta zaidi ya ampea 6. Inahitaji waya wa tatu, ule wa ardhi, na ukitumia kalamu huo waya haujaungwa popote. Siku maji yakivuja ndani, wewe ndiye utakuwa waya wa ardhi. Mpe fundi umeme abadilishe plagi, aweke ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13. Ni kazi ya dakika 10.

Usiitumie pia kwenye ekstensheni nyembamba yenye friji, televisheni na pasi juu yake. Ukiigusa plagi baada ya kikombe cha pili ukakuta ina moto, hiyo ni dalili.

Umeme ukikatika katikati ya kahawa, chomoa. Ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuwasha, maana mara nyingi unarudi na nguvu ya ajabu. Kile kifaa cha kulinda friji kinafaa hapa pia, mradi kihimili ampea za mashine.

Na wenye sola? Pole. Wati 1,400 kutoka kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 115. Inveta ndogo ya wati 300 itazima papo hapo, na nyaya za kawaida zitayeyuka kabla hujaonja kahawa. Mwenye mfumo mdogo wa taa na simu asijaribu.

Maji

Hapa watu wa milimani tuna bahati. Maji ya vijito vinavyoshuka kutoka kwenye msitu hayana chokaa nyingi, tofauti na visima vya pwani kwenye mawe ya matumbawe. Chokaa ndiyo adui mkubwa wa mashine hizi. Inaganda kwenye njia nyembamba za kupashia maji hadi kahawa inatoka kwa matone.

Tatizo letu ni tope. Mvua za masika zikipiga, Mto Zigi unageuka rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo hayo ndiyo yanayokwenda bwawa la Mabayani na kuhudumia Tanga mjini baada ya kusafishwa. Wewe wa Sigi unayechota moja kwa moja au unayetumia bomba la mserereko, yaache yatulie usiku kucha, yachuje kwa kitambaa safi, yachemshe, yapoze, ndipo uweke kwenye tangi. Punje ndogo za mchanga zinaua pampu. Usiweke maji ya moto kwenye tangi kwa kudhani unasaidia, mashine imetengenezwa kwa maji ya baridi.

Mwaga maji ya jana kila asubuhi. Kwa unyevu wa huku tangi lisilomwagwa linaota utelezi haraka.

Kuitumia siku hadi siku

Siku ya kwanza osha tangi kwa sabuni kidogo, suuza, jaza maji, kisha pitisha maji matupu mara tatu bila kapsuli. Ladha ya plastiki mpya itatoka.

Baada ya hapo ni rahisi. Washa, subiri taa iache kumeta. Pasha kikombe kwa maji ya moto, maana mililita 40 kwenye kikombe baridi asubuhi ya Lushoto mwezi wa saba zinapoa kabla hujakaa. Weka kapsuli ambayo haijabonyea ukingoni, shusha mkono bila kulazimisha, bonyeza. Ukimaliza, inua mkono mara moja ili kapsuli idondoke kwenye kikapu chake. Ukiiacha ndani hadi kesho, kahawa inaganda kwenye sindano.

Kile kikapu kimwage kila siku. Nasisitiza. Vitabu vya maelekezo vimeandikwa kwa nyumba kavu za Ulaya. Amani inapata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Kahawa iliyolowa ikikaa siku tatu inaota ukungu mweupe na harufu inapanda hadi kwenye kikombe.

Pampu ikipiga kelele kubwa bila maji kutoka, usikimbilie kwa fundi. Mara nyingi ni hewa imeingia, hasa tangi lilipoisha maji katikati. Jaza tangi, likandamize vizuri, inua mkono ukiwa huna kapsuli ndani, bonyeza kitufe cha kikombe kikubwa mara mbili tatu. Maji yakianza kutoka, imepona.

Kuondoa chokaa, fanya kila baada ya vikombe 300 hivi, au miezi mitatu kwa mnywaji wa kila siku. Tumia dawa yake, au asidi ya sitriki inayouzwa kama unga, iliyoyeyushwa kwenye maji kama kitabu cha mashine kinakubali. Siki hapana, watengenezaji wanaikataza kwa sababu inakula mipira ya ndani. Ndimu ya kukamua nayo hapana, inaacha nyuzinyuzi. Ukimaliza pitisha maji safi matangi mawili.

Kapsuli ya kujaza mwenyewe

Hii ndiyo njia ninayoiona ina maana huku kwetu. Ni kikopo cha chuma cha pua chenye kifuniko, unakinunua mara moja unakitumia miaka.

Siri yake ni kusaga. Kahawa iliyotwangwa kwenye kinu ina punje kubwa na vumbi pamoja. Maji yanatafuta njia kwenye punje kubwa, yanapita mbio, unapata maji ya kahawia. Chekecha kwa chujio la chai, tumia ile laini, rudisha iliyobaki kwenye kinu. Inatakiwa iwe laini karibu kama chumvi ya mezani, si kama unga wa sembe. Jaza, shindilia kidogo kwa mgongo wa kijiko, futa ukingo uwe safi kabisa, funga. Ukingo ukiwa na punje maji yatavuja pembeni.

Kikombe cha kwanza kitakuwa kibaya, na cha pili pia. Karibu cha tano utaanza kuelewa mkono wako.

Iliki, karafuu au mdalasini kutoka shambani, weka kwenye kikombe, si ndani ya kapsuli. Unga wa viungo unaziba matundu. Ponda iliki moja, itie kwenye kikombe, acha kahawa idondokee juu yake. Mgeni aliyekuja kuangalia ndege na vinyonga hifadhini atakumbuka kikombe hicho kuliko kile alichokunywa hotelini Zurich, na wewe umetumia kahawa ya bei ya kawaida.

Hahitaji hata kujua kwamba ungeweza kumpikia hiyo hiyo kwenye birika bila mashine. Ila wewe jua. Kama unanunua kwa ajili ya wageni wawili kwa wiki, birika, chujio na kahawa safi vinatosha, na hela ya mashine ingenunua magodoro.

Vikopo vinaenda wapi

Sigi ndiyo lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na mto unaopita hapa unanywewa hadi pwani. Hakuna gari la takataka linalopita kila nyumba. Hamburg, Ujerumani, mwaka 2016 ilisimamisha ununuzi wa kapsuli kwa ofisi zake za umma kwa sababu ya taka hizi, na kule magari ya taka yapo.

Kapsuli ya plastiki ukiichoma inatoa moshi mbaya jikoni kwa jirani. Ya alumini moto wa shimo hauiunguzi, inabaki kwenye majivu. Kwa hiyo tenganisha. Kata kifuniko, mwaga kahawa kwenye shina la mgomba, suuza kikopo, kipige kiwe bapa, weka kwenye kiroba. Kikopo kitupu kina kama gramu 1 ya alumini, hivyo vikombe vinne kwa siku mwaka mzima ni kilo moja na nusu tu. Ni kidogo, lakini wanunuzi wa skrepa wanaopita wanachukua alumini, na ikichanganywa na masufuria yaliyotoboka inaondoka.

Ukisafiri zaidi ya wiki, mwaga tangi, inua mkono, bonyeza hadi mvuke na maji ya mwisho yatoke, futa, chomoa, acha mfuniko wazi. Funika kwa kitambaa, usitumie mfuko wa plastiki. Mende wanapenda sana joto na harufu ya ndani ya mashine hizi, na wakishazaliana humo hakuna dawa unayoweza kupuliza kwenye kitu utakachonywea.